Gari Lililoniangukia Limerudi na Jina Lake

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika tawi la Homa Bay la kampuni ya magari nikiwa nimevaa shati jeupe la kanisani, kwa sababu mama alisema kazi ya kampuni ni kazi ya heshima. Foreman Obare aliniangalia, akamwita karani wa stoo aje aone. "Huyu ametumwa kutuombea," akasema. Kisha akanipa beseni la mafuta ya taa, brashi iliyochakaa, na giaboksi iliyofunguliwa yote, niioshe jino kwa jino. Kufika mchana shati lilikuwa jeusi kama sufuria ya shule. Foreman akavua koti lake la kazi akanivika mwenyewe, akanifunga vifungo kama mtoto. "Hilo shati mpelekee mama yako," akasema. "Mwambie limeajiriwa."

Giaboksi ile ilikuwa ya Marieta. Ninyi mnaosoma haya na mko chini ya miaka thelathini, Marieta mnayoijua ni hii mpya, ndefu, inayopita bila kelele. Yetu ilikuwa gari dogo la milango miwili, bapa mbele, lenye taa za mviringo. Lilikuwa gari la walimu, wauguzi na wachungaji. Kwetu liliitwa Apuoyo, yaani sungura, kwa sababu liliruka mashimo ya barabara ya Kendu Bay badala ya kuyaingia. Watu wanne wakilishika pembeni walilihamisha mahali, na kwenye harusi vijana walifanya hivyo kwa mchezo, bwana harusi akija analikuta gari lake limegeuzwa linatazama ukuta.

Mimi shule niliacha darasa la saba. Foreman Obare hakuniuliza cheti hata siku moja. Alinipa bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya injini inayonguruma na mpini wake kwenye sikio langu. "Unasikia nini?"

"Nasikia injini."

"Hiyo hata mbuzi anasikia. Sikiliza tena."

Ilinichukua muda mrefu kusikia anachosikia yeye: vali iliyolegea inagonga kama kijiko kwenye kikombe, na bearingi iliyoisha inasaga kama mtu anayetafuna mahindi makavu. Akanifundisha kusafisha platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyokutana na kuachana ili plagi ipate cheche. Akanifundisha kabureta, ambayo ilichanganya petroli na hewa, na ambayo vumbi la Homa Bay liliipenda kuliko kitu kingine chochote. Alikuwa na sheria moja aliyonirudia rudia mpaka nikaiota. Hakuna mtu wake anayeingia chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Jeki inainua, haishiki. Kinachoshika ni stendi, kile chuma cha miguu mitatu chenye kichwa kama kiganja kilichokunjwa. Unaweka stendi, unashusha jeki kidogo mpaka gari likae, unalisukuma kwa mkono uone kama linatikisika, ndipo unaingia.

"Na kama stendi hazipo?" nilimuuliza siku moja.

"Basi gari halina shida. Mwambie mwenyewe aende nalo."

Nilikaa chini ya Foreman Obare mpaka nikaoa. Mke wangu Peres nilimpata kwa sababu ya Marieta, maana alikuja na mjomba wake aliyekuwa mwalimu, gari likagoma kuwaka, nami nikajifanya kazi ni ngumu ili wakae. Halafu kampuni ikanihamisha Migori.

Tawi la Migori lilikuwa na kazi nyingi kuliko watu. Magari yalitoka mpakani Isebania yakiwa yamebeba tumbaku, mahindi, saruji, mpaka spring zimenyooka kama rula. Huko ndiko nilikomkuta Matiko, Mkuria wa Kehancha, mtu mwenye mabega ya kubeba ng'ombe na sauti ndogo ya kuongea na kuku. Tulifanya kazi pamoja kama mkono wa kulia na wa kushoto. Yeye hakujua Kijaluo, mimi sikujua Kikuria, kwa hiyo Kiswahili chetu tulikitengeneza pale pale sakafuni kwenye grisi.

Juu yetu walikuwa wawili, na nitawataja, kwa sababu nimenyamaza vya kutosha. Meneja wa Tawi aliitwa Bwana Sigu. Msimamizi wa Gereji aliitwa Bwana Oluoch. Bwana Sigu alikuwa anajenga nyumba, na ile nyumba ilihitaji tangi la maji, na tangi likahitaji kitu cha kukalia. Siku moja tulikuja kazini tukakuta stendi zetu zote nne hazipo. Tukaambiwa zimeenda kukaguliwa. Tulijua ziko wapi. Kila mtu Migori alijua, kwa sababu tangi lile lilionekana ukiwa barabarani. Matiko alikuwa akipita pale anavua kofia. "Nasalimia ndugu zangu," anasema. "Wamepata kazi nzuri, wanakaa kivulini."

Tukaanza kutumia mawe na vipande vya mbao. Mimi nilikumbuka maneno ya Foreman Obare, nikaenda kwa Msimamizi.

"Bwana Oluoch, hii Marieta ya muuguzi inataka klachi. Siwezi kuingia chini bila stendi."

"Klachi ni kazi ya nusu siku. Jeki ni mpya."

"Jeki haishiki, bwana."

"Odero, huyu mama anangoja na ana wagonjwa. Unataka nimwambie fundi wangu anaogopa sungura? Ingia, au vua ovaroli umpe mwingine."

Nyumbani Peres alikuwa na mimba ya Achieng', mtoto wetu wa kwanza. Nikaingia.

Sitaeleza sana jinsi jeki ilivyoteleza. Gari lilikaa juu ya mguu wangu wa kushoto, na sikio langu lilikuwa karibu kabisa na bomba la mafuta, nikasikia petroli ikitembea ndani yake, taratibu, kama hakuna kilichotokea. Kisha nikasikia sauti ya Matiko, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikiwa kubwa. Aliita watu kutoka barabarani. Wauza ndizi walikuja, na yule muuguzi mwenyewe, na mwanafunzi mwenye sare. Wakashika Marieta pembeni, wakaiinua kwa mikono kama vile vijana wa harusi. Kama lingekuwa gari zito, haya ningekuwa siyaandiki. Ndiyo maana sijawahi kuweza kulichukia lile gari, ingawa watu wanashangaa. Lilinivunja, lakini lilikubali kuondoka.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Nilipotoka hospitalini nikakuta stori imeshapikwa. Bwana Sigu na Bwana Oluoch waliwaambia wakubwa kutoka Nairobi kwamba stendi zilikuwepo, ila Odero alikuwa mvivu wa kuziweka. Matiko peke yake alisimama akasema hapana, stendi ziko chini ya tangi, twendeni mkaone. Hawakwenda. Matiko alifukuzwa kazi mwezi ule ule, akarudi Kehancha kufungua gereji yake chini ya mabati mawili. Mimi nikapelekwa Rongo kuwa mtu wa stoo, nikae kwenye kiti nigawe nati.

Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo liliniuma kuliko mguu. Mafundi ni watu wa maneno. Mtu akisahau stendi anaambiwa, "Unataka kuwa Odero?" Kisha wakafupisha. Stendi yenyewe ikaitwa Odero. Kutoka Rongo mpaka Sori, gereji yoyote ukiingia unasikia, "Leta Odero wawili," "Odero wa huku amepata kutu." Vijana walioanza kazi baadaye hawakujua hata kwamba ni jina la mtu aliye hai. Mwingine alikuja dirishani pale stoo kwangu, akaniambia kwa adabu kabisa, "Mzee, naomba unipe Odero mmoja." Nikampa. Nilifunga dirisha nikakaa.

Peres alijaribu kunifariji. "Baba Achieng', angalau wanakukumbuka."

"Wananikumbuka kwa uongo."

Alikuja akakaa kando yangu, akanivua kiatu cha mguu uliobaki, akaupaka mafuta kama anavyofanya mpaka leo. Kuna wanawake wangeniambia nisahau. Yeye hakuniambia kamwe.

Tawi la Rongo lilipofungwa, nikastaafishwa kabla ya wakati. Marieta ilikuwa imeshaacha kutengenezwa zamani. Tulihamia Kendu Bay, Peres akauza omena, dagaa wa ziwani, na mimi nikamfungia mizigo. Gereji nilizikwepa. Ikiwa njia inapita mbele ya gereji, nilitafuta njia nyingine, na kwa mtu wa gongo hilo si jambo dogo.

Mwaka huu gari lilisimama mbele ya nyumba yetu bila sauti. Lilikuwa jipya, la juu, rangi ya bluu, na nyuma lilikuwa limeandikwa Marieta kwa mwandiko ule ule wa zamani, herufi ya kwanza ikiwa na mkia. Nikasimama mlangoni. Akashuka mwanamke kijana, amevaa koti la kampuni, mabega mapana.

"Shikamoo, Baba Odero. Mimi ni Bhoke. Bhoke wa Matiko."

Peres alimshika kabla sijafungua mdomo. "Nyar Matiko," akasema, binti wa Matiko, akamshika uso kwa mikono yenye harufu ya omena, na msichana hakurudi nyuma. Akatuambia baba yake alifariki, jambo ambalo tulilijua, na kwamba mpaka siku za mwisho alikuwa akisimulia habari za stendi. Yeye alisomea umeme wa magari. Kampuni ilikuwa inarudi Homa Bay, ingefungua gereji kwa ajili ya hii Marieta mpya, na yeye ndiye Mkuu wa Gereji.

"Baba, nataka uje siku ya kufungua uongee na mafundi wangu."

"Niongee nini? Sijui hata kufungua boneti ya hiyo."

"Kwa hiyo nitakufundisha. Njoo."

Akaniketisha kwenye kiti cha dereva. Sikuhitaji kujikunja, kwa sababu limeinuka kama kiti cha kanisani. Nikatafuta klachi kwa mazoea, kwa mguu ambao sina. Bhoke akaona. "Haipo," akasema. "Breki na mafuta tu. Mguu wa kulia unafanya yote." Magari yasiyo na klachi yalikuwepo tangu zamani, najua, lakini hakuna aliyewahi kunikalisha ndani ya moja. Akaniambia nibonyeze kitufe. Hakuna kilichonguruma. Nikakanyaga kidogo, tukasogea, kuku wakatoka njiani. Nilizunguka uwanja wangu mwenyewe nikiendesha Marieta, na Peres alisimama katikati akigeuka nami kama mshale wa saa.

Bhoke alinieleza yaliyomo. Lina injini ya petroli na mota ya umeme, na vyote viwili vinasukuma magurudumu. Ukienda taratibu mjini mota inafanya kazi peke yake, ndiyo maana halisikiki. Ukikanyaga breki, ile nguvu inayopotea inarudi kwenye betri. Betri yenyewe ni kubwa, imelazwa chini ya sakafu. Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua, hazishikwi mpaka uondoe plagi ya usalama na uvae glavu za mpira.

"Lina uzito gani?" nikauliza.

"Zidisha mara mbili watu walioinua Marieta ya zamani, Baba, na bado hamtalitikisa. Hili likikaa juu ya mtu, hakuna muuza ndizi atakayeliinua."

Nikaelewa kwa nini amenifuata. Kisha nikamwambia sharti langu. Ningekuja, lakini ningesema ukweli wote, na majina.

"Bwana Oluoch amealikwa," akasema. "Wazee wote wa kampuni wamealikwa. Meneja Sigu alishakufa."

"Basi nitasema huyo mmoja akiwa anasikia."

"Hilo ndilo ninaloomba."

Siku ya kufungua, Homa Bay walikuja na Marieta zao za zamani zilizobaki. Mchungaji mmoja alikuja na yake ikivutwa na pikipiki. Walizipanga kando ya ile mpya, na wazee wakazunguka wakicheka. "Huyu si Apuoyo," akasema mama mmoja. "Huyu ni sungura aliyemeza mbwa." Mtu wa masoko kutoka Nairobi alitoa hotuba, akasema jina ni lile lile na moyo ni ule ule. Mimi nilikuwa nawaza vingine. Kwetu jina la mtu aliyetangulia halichukuliwi hivi hivi. Mtoto analia, wazee wanamtajia majina mmoja baada ya mwingine, na likitajwa la yule anayetaka kurudi, ananyamaza. Akishapewa hilo jina hakuna anayemdai afanane na babu. Anaweza kuwa mweupe ambapo babu alikuwa mweusi. Lakini watu humsalimia kwa heshima ya mzee yule, na ndugu wote wanajua mzee yule alikuwa nani. Nikaona kwamba shida yangu ilikuwa hiyo. Jina langu lilipewa chuma, na hakuna aliyewaambia wanaoliita mimi nilikuwa nani.

Bhoke alitupeleka ndani ya gereji. Lifti ya kuinulia magari ilikuwa bado haijafungwa, kwa hiyo akainua gari kwa jeki mbele ya mafundi. "Stendi inakaa wapi?" akauliza. Mimi nikanyoosha gongo, nikaonyesha katikati ya sakafu ya gari, kwenye boriti, pale pale tulipokuwa tukishika Marieta maisha yetu yote.

"Hapo ni betri, Baba. Ukibonyeza hapo utaipasua." Akaonyesha kingo nne za pembeni zenye alama. Wazee wenzangu wote walikuwa wameonyesha pale nilipoonyesha mimi, tukacheka pamoja, nami sikuona haya. "Leteni Odero wanne," Bhoke akasema, na vijana wakazileta. Kisha akawageukia. "Sasa huyu ndiye Odero."

Waliniangalia. Mmoja aliyekuwa ameshika stendi aliiweka chini taratibu, kama ameambiwa ina joto.

Nikasema. Nilisema kuhusu tangi, jeki, muuguzi, na maneno ya Bwana Oluoch kama alivyoyasema, kuhusu kuogopa sungura. Nilisema kuhusu Matiko aliyefukuzwa kwa kusema kweli, na Bhoke akainamisha uso. Nilimwonyesha Bwana Oluoch kwa kidole, pale alipokuwa amesimama kando ya mlango na fimbo yake, amekonda, ngozi imemlegea shingoni. Mtu wa masoko alianza kusogea mbele. Bhoke akamwekea mkono kifuani, akabaki pale.

Bwana Oluoch akasogea hatua moja mbele. "Ni kweli nilimwambia aingie," akasema. "Na stendi nilijua ziko wapi. Mbili nilizibeba mimi, kwa mikono hii. Meneja alibeba moja, dereva moja."

Fundi mmoja nyuma akauliza, "Na tangi?"

"Tangi lilitoboka zamani. Stendi bado zimelishika."

Mtu alicheka, akajizuia. Mimi nilikuwa nimengoja maneno yale miaka yote, na nilidhani nikiyasikia nitapiga kelele au nitalia. Niliona tu mzee anayeiegemea fimbo kwa mikono miwili. Sikumpa mkono, na mpaka leo sijampa. Nilimsogezea kiti, akakaa.

Baadaye Bhoke akanijia. "Baba, nikitaka, kuanzia kesho naweza kupiga marufuku hilo jina hapa. Tuite stendi tu. Wakizoea hapa, gereji nyingine zitafuata."

Vijana wake walikuwa wameanza kazi. Mmoja alilala kwenye kibao cha magurudumu tayari kuteleza chini ya gari, na kabla hajaingia akauliza bila hata kufikiri, "Odero wako sawa?" Mwenzake akazunguka akigusa zote nne, akasukuma gari kwa bega. "Wako sawa. Ingia."

"Liache," nikamwambia Bhoke. "Ila kila anayeanza kazi, mwambie kwanza habari yenyewe. Mwambie na ya baba yako."

Nimestaafu. Sina cha kuwafundisha kuhusu nyaya za rangi ya chungwa, na ninyi hamhitaji tena sikio la kusikiliza vali. Bado nina uchungu, nisiwadanganye. Kuna asubuhi naamka natafuta mguu. Bwana Sigu alikufa kitandani mwake akiwa anaheshimiwa, na tangi lake limesimama. Lakini siku hizi sizunguki tena kukwepa gereji.

Juma lililopita nilikuwa natoka sokoni Kendu Bay na Peres, tukapita mbele ya fundi wa magurudumu. Jamaa mzima, ndevu zake, amekaa barabarani juu ya stendi anakunywa chai. Peres akasimama mbele yake na karai la omena kichwani.

"Inuka hapo, mwanangu."

"Kwa nini, mama?"

"Umemkalia mume wangu."

Yule fundi alimtazama, akanitazama mimi, akatazama gongo. Akainuka na kikombe chake, akaifuta stendi kwa kitambaa, akasema, "Samahani, Mzee." Nilicheka mpaka ikabidi nimshike Peres bega nisianguke.